Uongo njoo, utamu kolea: tuliosoma Adili na Nduguze kwa ajili ya mtihani, njooni tuisome upya

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aje asubuhi. Umeme umekatika mtaani, cherehani imelala, simu ina chaji ya kutosha, basi ngoja niyatoe maana nimekaa nayo moyoni muda.

Mimi ni fundi cherehani, niko Dar ila kwetu ni Muheza. Nina binti wa miaka tisa. Mwaka jana alikuwa hapati usingizi mpaka aangalie katuni kwenye simu yangu, na bei ya bando mnaijua, nikasema hapana, huyu nitamsomea kitabu. Nikaenda mjini kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini pembeni ya barabara, nikachambua chambua nikakutana na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ile ya 1952. Nikaichukua kwa sababu mbili tu, ni mtu wa kwetu Tanga, na nilishaisoma shule kwa hiyo nikajua haina la kunisumbua.

Sasa nilikuwa nakumbuka nini kutoka shule? Wivu ni mbaya, mtenda wema hulipwa wema. Basi. Mwalimu aliandika dhamira ubaoni, sisi tukanakili, tukajibu mtihani, kikaisha.

Usiku wa kwanza nikaanza kusoma kwa sauti. Mjumbe wa Mfalme Rai, anaitwa Ikibali, katumwa Janibu kufuata kodi, kapokelewa vizuri na liwali wa hapo ambaye ndo Adili. Usiku anamuona liwali anaamka, anachukua kiboko, anawaendea manyani wawili waliofungwa, anawapiga. Anawapiga kweli kweli, na huku anapiga machozi yanamtoka. Akimaliza anawalisha na kuwabembeleza. Kesho usiku tena hivyo hivyo.

Binti yangu aliyekuwa amelala akakaa kitako kitandani. "Baba, kwanini anawapiga na huku analia?"

Wakuu, sikuwa na jibu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hiyo picha ya mtu analia huku anapiga niliisoma nikiwa kijana wa sekondari na SIKUIONA. Nilisoma kama fundi aliyedondosha sindano, anatafuta sakafu nzima lakini macho yake yanaitaka sindano tu, hata ukiweka noti ya elfu kumi hapo anaipita. Sindano yangu ilikuwa dhamira. Niliipata nikaondoka nayo, manyani nikawaacha pale pale wanapigwa.

Ndo nikaanza kumfikiria bibi yangu. Bibi alikuwa hasimulii mchana hata umlilie, ni mpaka vyombo vimeoshwa na koroboi imewashwa. Na hakuwahi kuanza bila kutubishia hodi. Hadithi hadithi! Na sisi tunaitikia, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hebu yatafuneni hayo maneno taratibu. Anayeyasema ni msikilizaji, siyo msimuliaji. Yani kabla hujaambiwa neno lolote wewe mwenyewe kwa mdomo wako umeshauita uongo uje, umeukaribisha ndani kama mgeni, na malipo uliyoyadai ni utamu ukolee. Sijawahi kusikia mahali watoto wanaitikia "funzo njoo". Funzo lilikuwa linakuja lenyewe, ila halikuitwa mlangoni.

Watu wanasema fantasia ni vitu vya Wazungu, mazimwi yanayotema moto na wachawi wenye fimbo. Jamani. Sisi tuna mkataba wa fantasia tunaoitikia kwa kuimba tangu hatujaota meno.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni nunda mla watu. Hadithi hii ilikusanywa Unguja na Edward Steere, yule ambaye baadaye akawa askofu na akajenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, akaichapa London mwaka 1870 kwenye kitabu chake cha hadithi za Waswahili. Sultani ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakuja kushtaki, sultani anasema paka wangu na ndama wangu, mwacheni. Paka anaendelea, kila siku anakula kikubwa kuliko cha jana, anafika mpaka kwa watoto wa watu, jibu ni lile lile. Mpaka siku kawala watoto wa sultani mwenyewe ndo sultani anasema huyu siyo paka tena, huyu ni nunda.

Halafu mtoto wake mdogo kabisa, ambaye nyumbani alikuwa hahesabiki, anaingia porini kumtafuta. Na hajui nunda anafananaje! Hapo ndo utamu. Kila mnyama anayemuua anamkokota mpaka kwa mama yake anaimba, mama wee, niulaga nunda mla watu. Na mama kila mara anamjibu mwanangu, siye huyo. Anarudi porini. Anakuja na mkubwa zaidi, siye huyo. Mkubwa zaidi, siye. (Niulaga ni nimeua, Kiswahili cha zamani, msikirekebishe mnapowasomea watoto, kina uzito wake kwenye ulimi.) Binti yangu anaimba sehemu ya mama, anatingisha kichwa kama mtu mzima anayejua kitu ambacho mtoto hajui, na mimi nakokota mto wa kitandani kama mzoga. Hadithi yenyewe ni ya dakika chache, lakini hamu ya kujua huyo nunda ni mkubwa kiasi gani inapanda kwa kila mzoga, na hakuna aliyetuelezea umbo lake. Tumeonyeshwa tu wote ambao siyo yeye.

Turudi kwa Adili. Tumeenda vizuri usiku kama wa nane hivi, kaka zake Hasidi na Mwivu tumeshawajua, tumeshaelewa kwamba wale manyani ndo wao, wako safarini baharini, Adili anakaribia kuingia ule mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Nafungua ukurasa, hamna. Kurasa kama kumi na sita zimetoka zote kwa mpigo, uzi umekatika, na aliyeniuzia alikuwa ameubana mgongo kwa gundi usionekane. Sitamtaja, namwachia moyo wake.

Mtoto ananiangalia. Nifanyeje? Nikafunika kidole pale kurasa zilipokosekana nikaendelea "kusoma". Nikamwambia Adili kaingia mjini, kapita sokoni, kila mtu jiwe. Kakuta mpaka fundi nguo wa mawe kainamia kazi yake, uzi umeshapita kwenye tundu la sindano nao ni wa mawe, haukatiki wala haushoni. Mbele yake mteja kanyoosha mikono apimwe kifua, kageuka jiwe hivyo hivyo mikono iko juu. Binti akauliza, mikono inamuuma? Nikasema mpaka leo hakuna anayejua. Akanyamaza kidogo kisha akanyoosha mikono yake mwenyewe juu, akaishikilia hivyo akiiangalia mpaka ikaanza kutetemeka.

Nimeshona miaka kumi na saba, nimepima watu sijui wangapi, sijawahi kuwaza mteja aliyenyoosha mikono anajisikiaje.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wadau ni mawili. Moja, kama una hadithi za ajabu za Kiswahili, riwaya au mikusanyiko ya hadithi fupi, taja na sema KILE KIPANDE kilichokushika, nisisome tena "ina mafunzo mazuri". La pili, nani anazo hizo kurasa kumi na sita.

#2 Mwalimu wa Kiswahili, Mombasa

Hamjambo nyote. Fundi umeniandikia hadi nimeacha kusahihisha madaftari, ila mie nitakupinga kidogo, uniwie radhi.

Mie nafundisha hadithi fupi kila mwaka. Hao wanafunzi wangu wana mtihani na mtihani wauliza maudhui, wauliza wahusika, wauliza mbinu. Siwezi kuwaambia watoto wa watu wakae waone utamu tu halafu wakaanguke. Na hata huyo nunda wako, nani atamsikia sultani akisema paka wangu na ndama wangu asijue kinachosemwa ni nini? Hilo ni funzo la watawala na watu wao, nalo limo ndani ya utamu wenyewe, ukilitoa hadithi yabaki paka mkubwa.

Ninalokubaliana nawe ni wakati. Sisi walimu twauliza mapema mno. Nitakupa kisa. Tulipokuwa twasoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mle mna moja yaitwa Shogake Dada ana Ndevu. Niliandika anwani peke yake ubaoni nikafunga kitabu. Darasa likachangamka wallahi, huyu asema ni jini, huyu asema ni mchawi, mmoja akasema ni mwanamke wa baharini. Tulipoisoma tukafika pale buibui linapoficha mwanamume, hapana jini wala nini, darasa zima likanyamaza, na wasichana wawili wa nyuma wakaangaliana. Sikuuliza swali siku hiyo. Niliuliza Jumatatu. Na majibu niliyoyapata Jumatatu sijayapata kwa hadithi nyingine yoyote.

Kwa hivyo funzo tusilifukuze. Tulicheleweshe siku mbili tatu.

#3 Mdau, Arusha

Mkuu uzi mzuri sana. Mimi tatizo langu ni jingine. Nilisikia watu wanazisifia zile riwaya nene za Tolkien, zile zilizotoka vipande vitatu 1954 na 1955, nikaanza kwa Kingereza. Nimejaribu mara tatu. Majina mengi, ramani, wafalme na baba wa wafalme, nikifika ukurasa wa sitini nimeshasahau nani ni nani naanza upya. Nikajiambia basi fantasia siyo ya kwangu. Mnafanyaje nyie?

#4 Mleta uzi

Mwalimu nimekuelewa na nimekubali, tulicheleweshe. Hilo la Jumatatu nimelichukua.

Mkuu wa Arusha, usianze na kanzu kama hujawahi kushona mfuko. Anza na hadithi fupi. Mkusanyiko wa hadithi fupi hauna deni, ukisoma moja ukaichoka unaruka, hakuna anayekudai ya tatu ili uelewe ya nne. Mimi nasoma moja kwa usiku mmoja na nafunga, hata kama ni kurasa tano na usingizi sina, maana nikiunganisha mbili asubuhi zimechanganyika na zote zimepoteza ladha. Ni kama kahawa ya kijiweni, kikombe kidogo na kashata, ukinywa kwa jagi huwezi kusema ilikuwaje.

Na ukirudi kwenye ile nene, chukua karatasi. Mimi nina yale makaratasi ya kuandikia vipimo vya wateja, naandika jina na kitu kimoja tu cha kumkumbukia, "huyu ana kovu", "huyu anadanganya mama yake". Ramani iache kabisa, utaijua njia kwa kutembea na wahusika kama ulivyoijua Arusha. Na usirudi mwanzo! Ukisahau mtu endelea, kama ni wa muhimu mwandishi atamrudisha.

#5 Mdau, Arusha

Sawa fundi. Nianze na ipi kama nataka ya Kiafrika?

#6 Mdau wa Kampala, kwetu Bukoba

Naomba nijibu hilo. Tafuta The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola wa Nigeria. Na fundi hili litakufurahisha, imechapwa London 1952, mwaka ule ule wa Adili wako. Mmoja karani wa Tanga, mwingine tarishi wa ofisi Lagos ambaye shule alisoma miaka kama sita tu, kila mtu kwake anaandika majini na miujiza.

Ni jamaa mnywaji wa tembo, mgema wake kaanguka kutoka juu ya mti kafa, naye hakuna tembo nyingine inayompendeza, basi anafunga safari kwenda mji wa wafu kumfuata. Kile kipande kilichonishika ni cha bwana mzuri wa sokoni. Msichana kakataa wachumba wote, siku moja sokoni kamuona mwanaume mzuri hana kasoro hata moja, kamfuata porini. Kumbe viungo vyote yule bwana kavikodi. Wakiwa njiani anarudisha kimoja kimoja kwa wenyewe na kulipa kodi. Hapa miguu, pale mikono, kule kifua, mpaka anabaki fuvu la kichwa linaruka ruka barabarani, na msichana hawezi tena kurudi.

Mimi niliposoma nilishtuka maana mama yangu alitusimulia yule msichana aliyekataa wachumba akaolewa na zimwi. Hadithi hizi mbili ni ndugu kabisa. Ila hilo la KODI, la uzuri wa kuazima unaorudishwa kwa risiti, hilo kwa mama halikuwepo, na tangu hapo kila nikienda harusini nikaona suti ya kukodi namkumbuka yule bwana.

Kingereza chake hakifuati sarufi za shule, anaandika kama anavyosimulia, usikatishwe tamaa, isome kwa sauti utaona inavyotembea.

#7 Dada wa Dodoma

Wa Arusha kama unasoma Kingereza ongeza A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya 1968. Ni nyembamba, utaimaliza. Kijana Ged wa kisiwani anajifunza uchawi, na uchawi wenyewe wote ni kujua jina la kweli la kitu. Ukilijua jina la kweli la mtu umemshika. Kwa hiyo kila mtu ana jina la kuitwa hadharani na la kweli analificha, anampa yule anayemwamini kwa maisha yake. Nililia pale rafiki yake anapompa jina lake wakati Ged ameshaharibu kila kitu na hana heshima tena kwa yeyote.

Na Ged ngozi yake ni ya kahawia nyekundu, watu wengi wa visiwa vile ni weusi, mwandishi alifanya makusudi. Wachapishaji wakawa wanamchora mweupe kwenye majalada, na 2004 walipotengeneza ya televisheni wakamweka kijana mweupe, mama wa watu akaandika kulalamika waziwazi. Kwetu sisi tuliokatazwa na bibi zetu kuitika usiku ukisikia jina lako nje, kitabu hiki hakihitaji maelezo mengi.

#8 Mdau, Unguja

Assalam alaykum. Mimi nauliza kwa nia njema. Hizi hadithi za majini na uchawi kwa mtoto wa miaka tisa, hamuoni tunawazoesha? Kwetu haya mambo si mchezo, watu wanaumwa.

#9 Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Swali lako nimeliwaza sana kabla sijajibu, maana hata mama watoto aliniuliza.

Bibi yangu alikuwa anaswali Isha kwanza ndo anakaa kusimulia. Na ndani ya hadithi mtoto anajua yuko wapi, kwa sababu ameita mwenyewe uongo njoo. Kinachomtisha mtoto ni yale anayoyasikia watu wazima wanaongea dirishani kwa kunong'ona, ambayo hakuna aliyemfungulia mlango wala kumfungia. Hadithi inafunguliwa na inafungwa. Ila nimechukua tahadhari yako, zile za kutisha sana simsomei, na nunda tunaimaliza usiku huo huo, simuachi nunda akiwa hai mpaka kesho.

#10 Mdau, Unguja

Umejibu vyema, nimeridhika kiasi. Hilo la kutomuacha nunda hai mpaka kesho ni la busara.

Na Adili na Nduguze ninayo kamili, ilikuwa ya marehemu baba. Njoo inboksi nikupigie picha hizo kurasa. Ukimaliza hiyo isome na Kusadikika ya huyo huyo Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, wajumbe sita wametumwa pande sita, nne hizi tunazozijua, wa tano mbinguni na wa sita ardhini, na kila anayerudi na habari njema anatupwa gerezani. Baba alikuwa akifika hapo anafunga kitabu anatoka nje kidogo. Hakuwahi kutuambia anakwenda kufanya nini.

#11 Mdau, Arusha

Nimeleta mrejesho. Nimepata ya Earthsea, niko ukurasa wa tisini na sijarudi mwanzo hata mara moja. Karatasi ninayo, ina majina sita.

#12 Mleta uzi

Wakuu nimerudi. Ndugu wa Unguja Mungu amlaze baba mahali pema, kurasa zote kumi na sita zimefika na zinasomeka vizuri.

Jana tumesoma. Mji wa mawe umekuja kama ulivyo, watu wote jiwe, na ndani yake msichana mmoja tu mzima, Mwelekevu, peke yake kwenye mji mzima uliokaa kimya. Ni nzuri kuliko nilivyodanganya mimi, Shaaban Robert ni Shaaban Robert. Nimesoma taratibu mpaka mwisho wa zile kurasa, nikanyamaza.

Binti akasema, "Na fundi yuko wapi?"

Nikamwambia ukweli wote, kwamba kurasa zilikuwa hazipo, fundi na yule mteja niliwatia mimi. Nikadhani atacheka au atakasirika. Akauliza kama mwandishi aliwasahau. Nikasema mwandishi hakuwajua. Akashuka kitandani akaenda kwenye meza yangu ya kukatia, akaniletea karatasi ya vipimo na kalamu, akasema andika. Nimeandika yeye akinikumbusha, sindano, uzi, mikono juu. Mwishoni akaongeza la kwake, kwamba Mwelekevu kila siku alikuwa anapita pale anamwekea yule mteja kigoda chini ya kila mkono ili apumzike.

Nimezichapisha zile picha za kurasa pale steshenari, nimechukua sindano kubwa na uzi wa ngozi, nimezishonea mahali pake. Na ile karatasi ya vipimo nimeishona katikati yake. Upande wa nyuma ina vipimo vya suruali ya mtu, kiuno 34, urefu 41, sijavifuta.